Kinga ya mtoto haimo ndani ya chupa

Katika maduka ya dawa ya Kindu, upande wa Kasuku na Mikelenge kama ilivyo ng'ambo ya mto kule Alunguli, chupa za dawa za kuongeza nguvu hazikosi mnunuzi. Mtoto ametoka kuugua, amekonda, hataki chakula, kila wiki ana kikohozi kipya. Mzazi anahesabu faranga zake, ananunua dawa ya maji, anarudi nyumbani akiamini amefanya alichoweza. Simlaumu hata kidogo. Ila fedha ile imekwenda kutafuta kitu ambacho mtoto hajapungukiwa. Mwili wa mtoto una uwezo wa kuua wa kutosha, tena wa kutisha. Kinachoamua kama atapona au la ni kama mwili huo unamjua adui na kama unamkumbuka. Na hapa Maniema tunaishi na ugonjwa mmoja ambao unafuta kumbukumbu hiyo. Ugonjwa huo ni surua, na wengi wetu bado tunauhesabu kuwa upele wa utoto tu.

Ili hoja hii isibaki maneno matupu, tuanze na wale wanaofanya kazi. Wengi wamesikia habari za kingamwili, zile protini zinazoelea katika damu na kunasa vijidudu. Kingamwili zina mpaka wake: zinakamata kilicho nje ya seli. Kirusi kikishaingia ndani ya seli ya pafu au ya ini, kimejificha, na seli ile ile iliyokuwa ikitumikia mwili sasa inakitengenezea watoto. Hapo ndipo inapohitajika chembe nyeupe ya aina nyingine, seli T uaji. Seli uaji haiwezi kuona ndani ya seli nyingine. Inachotegemea ni kwamba karibu kila seli ya mwili hukatakata protini zake kila wakati na kuvionyesha vipande vyake juu ya ngozi yake ya nje, vipande vifupi vya viungo vinane hadi kumi hivi. Ni kama jirani anayejua ulichopika jana bila kuingia jikoni kwako: anapita, anatazama jalala, anaona magamba ya samaki. Seli uaji hupita kutoka seli hadi seli ikitazama majalala hayo. Ikikuta vipande vya kawaida, inaendelea na safari. Ikikuta kipande cha kirusi, inasimama.

Kinachofuata hakichukui muda mrefu. Seli uaji inajibana kwenye seli iliyoambukizwa, inasogeza vifuko vyake vya sumu hadi mahali zinapogusana, na kuvimwaga katika upenyo ule mwembamba. Protini moja, perforini, inatoboa matundu kwenye ukuta wa seli lengwa. Nyingine, granzaimu, zinapenya ndani na kuwasha mpango wa kujiua ambao kila seli huzaliwa nao. Seli ile inajikunja, inakatika vipande, na vipande vinamezwa na chembe nyingine bila kumwaga virusi huku na huku. Muuaji anajibandua na kwenda kutafuta mwingine. Peter Doherty na Rolf Zinkernagel waligundua huko Canberra, Australia, katika miaka ya 1973 na 1974, kwamba seli hizi lazima zitambue mambo mawili kwa pamoja, alama ya mwili wenyewe na kipande cha mgeni, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1996. Njia hiyo hiyo ndiyo inayotumika dhidi ya saratani: seli iliyoharibika hutoa protini zisizo za kawaida, vipande vyake vinaonekana nje, na seli uaji, zikivitambua, zinaiua.

Angalia basi ugumu uko wapi. Kuua ni rahisi. Kutambua ndiko kugumu. Kila seli uaji imezaliwa na kipokezi chake, inayotambua kipande hiki haitambui kile, na zile zenye kukosea na kushambulia mwili wenyewe huondolewa mapema katika tezi ya thimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Kwa kijidudu kipya, mtoto huwa na seli chache tu zinazokifahamu. Zinahitaji karibu wiki nzima kuzaana hadi ziwe jeshi, na katika wiki hiyo mgonjwa anaweza kufa. Vita vikiisha, nyingi zinakufa na kikosi kidogo kinabaki kwa miaka mingi: hizo ndizo seli za kumbukumbu. Mara ya pili adui akija, kazi huanza mapema sana kabla hajajijenga. Sasa dawa ya chupa inaongeza nini hapo? Haina habari yoyote ya adui. Na kama ingekuwepo dawa ya kuziamsha seli T zote kwa mkupuo, tungepaswa kuikimbia. Iliwahi kujaribiwa: Machi 2006, London, vijana sita wenye afya walidungwa dawa ya majaribio iliyoitwa TGN1412, iliyobuniwa kuamsha seli T bila kuzionyesha adui. Wote sita waliishia chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vyao vikishindwa kufanya kazi. Nguvu isiyo na shabaha humgeukia mwenyewe.

Kuna kinyume chake, na hicho kinauzwa wazi. Watu wengine hununua vidonge vya deksametazoni ili wanenepe au ili mtoto apate hamu ya kula. Mashavu yanajaa kweli, na mnunuzi anaona amepata alichotaka. Lakini deksametazoni ni dawa ya kuzituliza seli T; daktari huitumia pale anapotaka kinga ipungue makali. Mzazi anayempa mtoto vidonge hivyo bila maagizo ya daktari amenunua udhaifu akidhani ni nguvu. Kama kuna ushauri mmoja wa kuchukua kabla ya mwingine wote, ni huo: kisichoandikwa na mtu anayejua, hata kama kinanenepesha, kisiingie kinywani mwa mtoto.

Turudi kwenye surua. Hakuna ugonjwa unaoambukiza kuliko huu kwa urahisi; katika watu kumi wasio na kinga wanaokaa na mgonjwa, tisa wataupata, na mgonjwa anaanza kuambukiza siku nne kabla upele haujatoka. Mama zetu husema upele lazima utoke, usibaki ndani, na hapa wahenga hawakuwa mbali na ukweli. Upele wa surua, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya seli T zenyewe zinaposhambulia seli zilizoambukizwa katika ngozi. Watoto waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza kingamwili, lakini wenye seli T nzima, kwa kawaida walipona surua. Waliokuwa na kasoro kubwa ya seli T waliweza kufa kwa nimonia ya surua bila hata upele kuonekana. Nyani walioondolewa seli uaji katika maabara walibaki na kirusi kingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ni seli T, na uaji mbele yao, zinazomtoa mtoto kwenye surua. Hata hivyo, hili si sababu ya kumpaka mtoto vitu au kumpiga bomba ili upele utoke. Ukiwa wa kutoka, utatoka, na bomba litamwongezea tu kupoteza maji.

Mtego uko hapa. Kirusi cha surua huingia kupitia mlango ambao umejaa kwenye seli za kumbukumbu zenyewe, za T na zile za B zinazotengeneza kingamwili, yaani zile zinazohifadhi habari za nimonia, za kuhara, za kila kilichopita na kila chanjo iliyotangulia. Seli uaji zinapokuja kuusafisha mwili, zinakuta kipande cha surua kwenye jalala la seli ya kumbukumbu, na sheria yao haina msamaha: zinaiua. Kadiri mwili unavyopambana vizuri na surua, ndivyo unavyofuta historia yake wenyewe. Nafasi iliyobaki inajazwa na seli mpya zinazojua surua tu, kwa hiyo hesabu ya chembe nyeupe hurudi kawaida na kila mtu anadhani mambo yamekwisha. Tangu 1908 Clemens von Pirquet, huko Vienna, aliona kwamba watoto waliokuwa wakionyesha alama ya kifua kikuu kwenye kipimo cha ngozi waliacha kuionyesha walipopata surua. Mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya surua. Walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na asilimia 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Hao ni watoto wa nchi tajiri, walioshiba. Waliochanjwa hawakupoteza kitu.

Msomaji wa Maniema hahitaji kwenda Uholanzi, maana moja ya tafiti zilizofungua mjadala huu ilifanyika Kasongo. Katika miaka ya 1970 timu iliyofanya kazi pamoja na Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerp ilifuatilia watoto wa Kasongo wenye umri wa miezi 7 hadi 35, waliochanjwa surua na wasiochanjwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet. Timu ile iliuliza swali zito, ambalo hata leo mtu makini anaweza kuuliza: je, chanjo haiokoi watoto dhaifu ambao baadaye watakufa tu kwa malaria au kuhara? Kama ni hivyo, faida yake ni ndogo kuliko tunavyotangaza. Pingamizi hilo halikuwa la kipumbavu, na nalipenda kwa sababu lilitoka kwa watu waliohesabu badala ya kubahatisha. Lakini hesabu zilizofuata hazikuliunga mkono. Mwaka 1995 Peter Aaby na wenzake walikusanya tafiti za nchi kadhaa, Zaire ikiwemo, wakaona vifo vya watoto waliochanjwa surua vilipungua kwa kati ya asilimia 30 na 86. Kupungua huko ni kukubwa kuliko idadi ya vifo ambavyo surua yenyewe huandikiwa. Wataalamu wanabishana bado kuhusu sababu zote, ila kufutika kwa kumbukumbu kunaeleza sehemu yake: mtoto aliyekufa kwa kuhara mwaka mmoja baada ya surua aliandikwa amekufa kwa kuhara. Uchambuzi wa takwimu za Kongo za utafiti wa kitaifa wa 2013 na 2014 uliona vivyo hivyo, kwamba watoto waliowahi kuugua surua walikuwa na homa mara nyingi zaidi kuliko wenzao.

Kati ya 2018 na Agosti 2020 nchi yetu ilipitia mlipuko mkubwa wa surua: wagonjwa zaidi ya 380,000 na vifo zaidi ya 7,000, wengi wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Katika kipindi hicho hicho Ebola ya mashariki iliua watu 2,287, na ndiyo iliyojaza redio. Wala katika ile 7,000 hawamo waliokufa baadaye kwa magonjwa ambayo miili yao iliwahi kuyajua.

Wapo wanaosema kinga ya ugonjwa wenyewe ni bora kuliko ya sindano, kwa kuwa aliyeugua surua haugui tena maisha yake yote. Sehemu hiyo ya mwisho ni kweli. Lakini bei ya kinga hiyo ni kinga nyingine zote alizokuwa amezipata, na huo ni ununuzi mbaya. Wengine wanauliza: si chanjo nayo ni kirusi hai? Ndiyo, ni hai, lakini kimedhoofishwa. Kinazionyesha seli uaji vipande vyake bila kuvamia na kuangamiza seli za kumbukumbu kwa wingi. Kuna pia kisa cha kushangaza kutoka Uganda. Mwaka 1971 madaktari waliripoti mtoto mwenye uvimbe wa saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya na macho ya watoto wa nchi zenye malaria, ambaye uvimbe wake ulinywea alipougua surua. Mtu anaweza kulitumia hilo kuisifu surua. Wanasayansi waliona jambo jingine: virusi vya surua vinaweza kuingia kwenye seli za saratani, na tangu hapo wamekuwa wakijaribu kutumia kile kirusi kilichodhoofishwa cha chanjo, kwa kipimo na chini ya uangalizi. Hakuna daktari anayemtibu mtoto kwa kumpa surua. Na mzazi anayeona taya la mtoto limevimba bila jino bovu asisubiri wiki tatu za dawa za kienyeji. Saratani hii hukua haraka, na mara nyingi huitikia dawa ikiwahiwa.

Pingamizi linalosikika zaidi mitaani ni la mtoto aliyechanjwa na bado akaugua. Hutokea, na sababu yake inajulikana. Chanjo ya kwanza hutolewa akiwa na miezi 9 kwa kuwa surua yetu huwahi, lakini katika umri huo kingamwili alizopewa na mama tumboni bado zinaweza kukidhoofisha kirusi cha chanjo kabla seli zake hazijajifunza. Karibu watoto 85 kati ya 100 wanapata kinga. 15 hawapati, na hakuna awezaye kuwatambua kwa macho. Ndiyo maana ya dozi ya pili. Anayeiita kurudia bure hajaelewa inafanya nini: inawafikia wale 15. Ukiambiwa kuna kampeni ya chanjo katika zoni yako ya afya, mpeleke mtoto hata kama kadi yake imejaa. Dozi ya ziada haimdhuru.

Wengine wanasema, na kwa haki, kwamba walifika kituoni wakarudishwa. Mara nyingi kuna sababu ambayo hawakuelezwa. Chupa ya chanjo ya surua kwa kawaida ina dozi 10, ni unga, na ikishachanganywa na maji yake lazima itumike ndani ya saa 6 au itupwe. Muuguzi anayemwona mtoto mmoja tu asubuhi anasita kuifungua akifikiria dozi 9 zitakazomwagwa. Kwa hiyo ulizeni mapema ni siku gani ya wiki kituo chenu kinachanja surua, na mwende wengi kwa pamoja, mtaa mzima ikiwezekana. Anayevuka kutoka Alunguli kwa mtumbwi asilipe nauli mara mbili kwa kukosa kuuliza. Kwa upande wao, wauguzi wanaruhusiwa kufungua chupa kwa mtoto mmoja, na wangefanya hivyo mara nyingi zaidi. Dozi tisa zilizomwagwa ni hasara ndogo kuliko mama aliyerudishwa ambaye hatarudi tena.

Ikiwa surua imeshaingia nyumbani, mtenge mgonjwa na watoto wengine mpaka siku nne zipite tangu upele ulipotoka, na mpeleke kituoni apewe vitamini A siku mbili mfululizo: dozi ya yuniti 200,000 kwa aliyefikisha mwaka, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 50,000 kwa mdogo zaidi. Vitamini hii hupunguza vifo na huokoa macho. Mawese yetu mekundu yana malighafi yake kwa wingi, ila mawese yaliyochomwa mpaka yakawa meupe yameipoteza, na hata yale mekundu hayachukui nafasi ya dozi ya kituoni wakati wa ugonjwa. Msimnyime maji, samaki wala maziwa ya mama kwa sababu ya miiko. Mgonjwa wa surua anayenyimwa chakula anauawa polepole. Akihema haraka, akishindwa kunywa, akipatwa na degedege au macho yakifunikwa na ukungu, ni hospitali kuu, usiku au mchana.

Akishapona, ndipo wazazi wengi hulegea, na hapo ndipo ninapotaka mkaze. Takwimu za Uingereza, Marekani na Denmark zilizochambuliwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba vivuli vya surua katika vifo vya watoto hudumu miaka miwili hadi mitatu. Kwa muda huo, homa ya mtoto aliyeugua surua isisubiri kesho. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Kadi yake ikaguliwe, na chanjo zozote zilizokosekana zikamilishwe. Na fedha iliyotengwa kwa chupa ipelekwe sokoni: karanga, maharagwe, samaki wa Lualaba, sombe pamoja na mchele wetu. Thimasi ya mtoto mwenye utapiamlo husinyaa, na humo ndimo seli T mpya hutengenezwa. Chakula ndicho kinachoirudisha. Wenye mtoto wa miezi 9 ambaye hajachanjwa, ulizeni siku ya chanjo kabla ya wiki hii kwisha.